Staringi hatapona: Supa Modo ilivyoingia sebuleni kwa mama

Sheria ya kwanza ya sinema niliijulia Makorora, Tanga, kwenye kibanda umiza cha baba mdogo: staringi hafi. Mimi nilikuwa mkusanya viingilio. Mkono mmoja umeshika sarafu, mguu umeziba mlango, macho yanawafukuza wanaochungulia kwenye matundu ya magunia. Ndani kulikuwa na TV chogo ya inchi 21, mabenchi, joto la kuivisha ndizi, na sauti ya Lufufu akitafsiri mkanda wa kung fu kwa Kiswahili chake mwenyewe, akiwatilia Wachina maneno ambayo nina hakika hawajawahi kuyasema. Siku moja tuliweka mkanda ambao staringi alipigwa risasi mwishoni, akafa kweli. Watu walisimama wakadai hela zao. Baba mdogo alirudisha nusu, na ule mkanda sikuuona tena pale kibandani.

Nasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni nani. Siku hizi ni fundi simu Ngamiani, na si mtu wa matamasha. Nikisikia filamu "imeonyeshwa Ulaya" huwa najiandaa: mtu atatazama bahari dakika nne, hatasema kitu, kisha skrini inakuwa nyeusi na majina yanapanda. Kwa hiyo mdogo wangu anayefanya kazi Nairobi alipokuja Idi na laptop yake, akasema amelipia mtandaoni filamu ya Kikenya ya mwaka 2018 iliyoanzia kuonyeshwa Berlin, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu. Ina urefu gani? Dakika 74. Nikasema haya, hata ikiwa mbovu tutaiwahi taarifa ya habari.

Filamu inaitwa Supa Modo, mwongozaji wake ni Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa, kichwa kimenyolewa, mgonjwa wa ugonjwa usio na tiba. Anampenda Jackie Chan na mashujaa wanaoruka angani. Mama yake anamtoa kwenye kituo cha wagonjwa alikokuwa akihudumiwa na kumrudisha kijijini, ili siku zilizobaki awe nyumbani. Kwamba hatapona si siri, unaambiwa mapema kabisa. Pale ndipo niliposikia baba mdogo akiguna kaburini.

Dada yake mkubwa, Mwix, hakubali mdogo wake afungiwe chumbani akisubiri. Anaanza kumshawishi kwamba ana nguvu za ajabu. Kwanza ni vichupa vya chumvi na pilipili mezani, Jo anavikazia macho hadi vinasogea. Baadaye kijiji kizima kinaingizwa kwenye njama. Kuna kipande cha mechi ya mpira ambacho nitakikumbuka muda mrefu: Jo "anasimamisha" wakati, na wachezaji wote wanaganda walivyo, mguu hewani, kinywa wazi, huku yeye anatembea na mpira taratibu mpaka golini. Hakuna ujanja wowote wa kompyuta pale. Ni watu tu wamekubali kusimama kimya kwa ajili ya mtoto. Baba mdogo angeita huo ni mchezo wa shule ya msingi. Mimi nilijikuta nimeshika kikombe cha chai kilichopoa.

Sasa tatizo. Wahusika wanachanganya Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, kama watu wa huko wanavyoongea, na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa na maandishi ya Kiingereza tu chini. Mama yangu Kiingereza hakijui, Kikuyu ndio usiseme. Dakika ya tano akauliza, "Anasemaje huyo?" Nikamjibu. Akauliza tena. Ikabidi niache kujibu nianze kutafsiri, na dakika ya kumi na tano nilishakuwa Lufufu kamili, nabadilisha sauti, namfanya Mwix mjuaji wa mjini. Mdogo wangu alikasirika, anasema naharibu kazi ya watu. Mama akamwambia anyamaze asikie. Mwandishi wa filamu anisamehe, lakini sidhani kama nilimkosea sana, maana kijijini kwa Jo nako kuna bwana mmoja, Mike, ambaye shughuli zake ni hizohizo za kuwaonyesha watu video, na ndiye anayekamata kamera pale wanapoamua kumtengenezea Jo sinema yake. Wakenya wana DJ Afro, mtafsiri wao wa mikanda, sisi tulikuwa na Lufufu. Filamu hii imezaliwa humo humo vibandani, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kina mhuri wa Berlin.

Mhusika aliyenishinda ni mama. Anaitwa Kathryn, ameigizwa na Marrianne Nungo, na kazi yake ni ukunga. Hakuna anayekaa akakwambia hiyo ina maana gani. Unamwona tu anavyoshika vitu, kwa haraka na kwa mpangilio, kama mtu ambaye mikono yake inajua kazi hata akili ikiwa mbali. Hataki michezo ya nguvu za ajabu. Anataka mtoto alale, ale, apumzike. Sinema nyingine ingemfanya ndiye adui, maana adui lazima awepo. Hapa ukimsikiliza, ana haki. Na Mwix naye ana haki. Mama yangu, ambaye kwa kawaida huchagua upande kabla hata majina hayajaisha, safari hii aliguna tu: "Wote wanampenda, basi tabu."

Stycie Waweru anayemwigiza Jo hana ule ulimi wa watoto wa sinema wanaoongea kama wabunge. Ananuna. Anachoka katikati ya sentensi. Na watoto hawadanganyiki kirahisi kama wakubwa tunavyodhani, jambo ambalo filamu inalijua vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwisho siutoi.

Kasoro zipo. Muziki unakubana ulie hata pale ambapo ungelia mwenyewe kwa hiari yako. Halafu kijiji kile ni chema mno. Hakuna mchoyo, hakuna jirani anayesema yule mtoto karogwa, hakuna hata mmoja anayeuliza posho. Makorora ungewaambia watu waje kuigiza bure, wa kwanza angeuliza soda iko wapi. Nimeipa nane kwa kumi, hizo mbili nimezikata kwa ajili ya soda.

Kuna wanaosema hizi ni filamu za wafadhili. Ni kweli fedha na mafunzo vina mkono wa Wajerumani. Supa Modo imetoka kwenye mpango wa One Fine Day Films, wa mwongozaji Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, uliozaa pia Nairobi Half Life mwaka 2012. Lakini mimi filamu za wafadhili nazijua. Nimekulia zile za kuonyeshwa uwanjani kwenye shuka jeupe nyuma ya Land Rover, ambazo mwishoni daktari anatokea na kukuelekeza unawe mikono. Hii haikuelekezi chochote.

Kwa kuwa mdogo wangu alikuwa bado ana siku tatu za likizo, tuliendelea. Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, kutoka mpango uleule: mwanamke anazindukia nyikani, anatembea hadi kwenye hoteli, wenyeji wanamwambia ameshakufa. Mama alisinzia. Mimi niliirudia peke yangu usiku, na bado sijui nilipenda nini, ila kuna ukimya fulani mle ndani unaokufuata mpaka kazini. Na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, hiyo niliingia na kinyongo kwa sababu riwaya ya Adam Shafi niliisoma kidato cha tano na nilishajitengenezea Yasmini wangu kichwani. Picha zake zinafaa kutundikwa ukutani. Ila Mwajuma, aliyeigizwa na Siti Amina, nilitaka aongee zaidi, abishane zaidi, acheke zaidi. Kila alipotoka kwenye picha nilikuwa namsubiri arudi.

Kinachoniudhi ni safari zenyewe. Berlin zinafika, Toronto zinafika, Makorora hazifiki. Filamu ya watu wa kijijini wanaojitengenezea sinema yao, mimi nimeiona miaka kadhaa baadaye kwa sababu tu nina ndugu mwenye kadi ya benki. Vibanda bado vipo, sasa vina skrini bapa na mechi za Uingereza. Jumatano mchana vinakaa vitupu. Mtu angeniletea hii filamu na maandishi ya Kiswahili chini, au anipe tu maiki, ningekaa mlangoni kama zamani.

Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alikuwa ameketi na sisi siku ile. Wiki iliyofuata nilimkuta kibandani kwangu, ameinamia meza, anaikodolea macho bisibisi ndogo. Hakusema anafanya nini na mimi sikuuliza. Nikachukua sumaku ninayookotea skrubu, nikaipitisha chini ya ubao taratibu. Bisibisi ikasogea kidogo, ikazunguka.

"Mjomba," akasema, macho bado mezani, "sumaku nimeiona."

Halafu akaniambia nirudie.