Dari ya jasi na singa za mkonge: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nilipomaliza kuezeka nyumba yangu ya Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kilichonisumbua zaidi kilikuwa dari. Dari ya mbao nyembamba nilikwisha kuiona kwa jirani yangu ikiliwa na mchwa, na dari ya plastiki sikuitaka kabisa, kwa sababu nimechoka kuiona plastiki ikirundikana kila mahali bila kuoza. Fundi akanishauri nitumie vipande vya jasi, au jipsamu kama wanavyoita wenyewe, vinavyomiminwa katika karakana za hapa hapa mjini na kutiwa singa, yaani nyuzi, za mkonge ndani yake. Nimeishi chini ya dari hiyo miaka mitatu sasa, na bado nairidhia, ingawa si kwa kila chumba.

Kabla sijalipa nilikwenda karakana, nikashinda pale nusu siku nikitazama kazi. Kijana alinyunyizia unga wa jasi kwenye ndoo ya maji, akaukoroga ukawa uji mzito, kisha akamimina tabaka la kwanza kwenye kalibu iliyopakwa mafuta. Juu ya uji huo alitandaza singa zilizochambuliwa, nyeupe kama mvi, akizivuta kwa vidole mpaka zikafika kwenye kila pembe, halafu akamimina tabaka la pili na kulisawazisha kwa ubao. Haikupita nusu saa kipande kikawa kimeshika, na nilipokigusa kilikuwa na joto, kwa kuwa jasi iliyochomwa hutoa joto inapoyarudisha maji iliyopoteza.

Nikaomba kipande kibovu nikivunje mwenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya zile singa. Jasi tupu hukatika kama chaki. Kipande kile kilipasuka katikati, lakini nusu zake mbili hazikuachana. Zilibaki zikining'inia kwa nyuzi, na ilinibidi niombe kisu ili nizitenganishe. Jasi hustahimili kubanwa, lakini haistahimili kuvutwa wala kupindwa, na udhaifu huo ndio unaofunikwa na nyuzi za mkonge, ambazo sehemu yake kubwa ni selulosi, ileile inayoupa mti na pamba uimara wake.

Nilinunua vipande 49, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, vikaenea sebule yangu ya mita 4.2 kwa 4.2. Kipande kimoja kinakaribia kilo 4, kwa hiyo fremu ya mbao lazima iwe imara na iliyonyooka. Anayetaka kubana gharama kwenye mbao atajuta. Bei haikupishana sana na ya bodi za kiwandani zenye karatasi. Joto la mchana limepungua kuliko nilipokuwa natazamana na bati, na mlio wa mvua hauzuii tena mazungumzo.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza mwezi wa pili. Vipande sita vilipata nyufa nyembamba kama unywele, vyote vya siku moja ya kazi. Vilipoteremshwa na kuvunjwa tulikuta singa zimetupwa fungu moja katikati, pembeni hamna kitu. Karakana ilivibadilisha, lakini baada ya mabishano marefu ambayo hayakuwa na sababu. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: kinyanyue kipande kuelekea kwenye mwanga kabla ya kupakwa rangi, ukigonge kwa kidole sehemu zote, na kama mlio unabadilika usikichukue.

Kasoro ya pili ni maji, na hii si ya fundi. Masika ya mwaka wa pili bati lilivuja juu ya pembe moja ya sebule. Vipande viwili vililegea, vikaota ukungu mweusi, nikalazimika kuvitoa. Nashukuru kwamba havikuanguka vipande vipande juu ya watoto, kwa kuwa singa zilivishika mpaka fundi alipofika. Hata hivyo, jasi na nyuzi za mimea zote hunywa maji, na bafuni au jikoni penye mvuke si mahali pake.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nyuzi hizo zisichanganywe na saruji, wapate vigae vya paa visivyojali mvua. Shule niliyosoma ilikuwa na banda lililoezekwa kwa vigae vya namna hiyo, na miaka michache baadaye vilikuwa vikikatika kwa kuguswa tu. Saruji ina alkali kali inayozila singa polepole kutoka ndani, hadi kigae kinabaki bila mishipa. Jasi haina ukali huo, ndiyo maana nyuzi za kwenye vile vipande sita vyangu zilitoka zikiwa ngumu na zenye kung'aa.

Kuhusu mazingira, jasi huchimbwa ardhini, kama kule Makanya wilayani Same, na uchimbaji una makovu yake. Lakini unga wake huhitaji joto la nyuzi 150 za Selsiasi hivi tu, wakati tanuri la saruji hufikia nyuzi 1,450. Singa zenyewe huota shambani. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika safarini ndiyo iliyozaa mashamba tunayoyaona, ambayo yalidhoofika kamba za plastiki zilipoteka soko. Kwangu mimi mtu wa huku, ni furaha ya kweli kuona singa zikipata kazi ndani ya nyumba zetu, ingawa nasikitika kwamba karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani ndiyo nyuzi, na masalio mengi bado hutupwa.

Mwezi huu nimeagiza vipande vya vyumba viwili vya kulala, karakana ileile, kwa sharti kwamba nitakuwapo wakati wa kutandaza singa. Jikoni nimeacha bati wazi.