Gunia la PICS kwa akiba ya Pwani: lafaa, mradi mahindi yawe makavu

Mahindi yanayoliwa Kinango, Ganze na Magarini, hapa Pwani ya Kenya, mara nyingi hayakulimwa huko. Hupita kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa, mengine yakitoka bara, mengine Tanzania kwa njia ya Lunga Lunga. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu. Amri ililegezwa baada ya siku chache, lakini zuio kama hilo likimkuta mtu hana akiba, hana pa kushika. Na akiba yenyewe, kwa joto letu, ikikaa kwenye kiroba cha kawaida miezi mitatu hugeuka vumbi la fukusi.

Gunia la PICS (Purdue Improved Crop Storage), la kuhifadhi nafaka bila hewa kuingia, lilianzia kwenye kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Halina dawa. Ni mifuko miwili ya nailoni, kila mmoja unene wa mikroni 80, ndani ya kiroba cha kufumwa. Ukishafunga, wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula, kisha hufa kwa kukaukiwa, kwani bila hewa hiyo miili yao haiwezi kujitengenezea maji. Dukani hesabu matabaka kabla ya kulipa: ukipata nailoni moja tu, hilo si PICS.

Linapolaumiwa, kosa mara nyingi huwa ni unyevu. Gunia halikaushi kitu. Mahindi mabichi yataota kuvu na kunuka uchachu humo humo. Unyevu wake unatakiwa usizidi 13.5%. Kupima, tia mahindi theluthi ya chupa kavu ya glasi, ongeza vijiko vitatu vikubwa vya chumvi iliyoanikwa, tikisa dakika moja, acha 15. Chumvi ikiganda kwenye glasi, unyevu umezidi 15%. Isipoganda, usishangilie: umejua tu kwamba ni chini ya 15%, na bado hujafika. Anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, kisha yapoe kivulini kabla ya kutia. Hata yaliyotoka Kitale yamekauka kau, yakikaa wiki kadhaa kwenye ghala la Mombasa hunywa unyevu wa bahari. Tena, sumukuvu ikishaingia haitolewi na gunia lolote. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi Makueni na Kitui huko Ukambani, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu.

Kabla ya kujaza, ingiza hewa kwenye kila nailoni, sokota mdomo, bonyeza na usikilize. Mfuko unaovuja hewa kama mpira uliotoboka usitumie. Tia kilo kama 15 kwanza, tikisa zijae pembeni, halafu endelea. Acha shingo ya sentimita 30 hivi, toa hewa, sokota, kunja mara mbili, funga kwa kamba ya mpira wa tyubu. Fanya vivyo hivyo kwa nailoni ya pili, mwisho kiroba. Lipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasipate kichaka karibu.

Adui mkubwa ni dumuzi, mdudu wa ghalani. Huyu hutoboa nailoni ya ndani, hivyo usichanganye magunzi wala mahindi yaliyoanza kuliwa bila kuyachekecha. Ile nailoni ya pili ndiyo inayookoa. Bila tundu, gunia hufika misimu mitatu. Kunde, mbaazi, pojo na mchele navyo hukaa vizuri.

Bei ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, na hilo lasameheka. Kasoro yake kwa mjini ni ukubwa: la kilo 100 linabeba gunia letu la kilo 90 na nafasi ya shingo, lakini nani atalipandisha ghorofa ya nne? Ulizia la kilo 50, ingawa si kila duka la pembejeo linalo. Likishafungwa liache angalau mwezi mzima. Baadaye toa mahindi ya wiki mbili kwa mpigo, yatie kwenye ndoo yenye kifuniko, na ulifunge tena papo hapo.