Geji ya vakyumu ya shilingi 65,000: isome vizuri kabla hujashusha injini

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote mnaotazama. Karibuni tena Sakina, Arusha, kwenye kibanda changu cha gereji hapa uani. Hii nyuma yangu mnaifahamu: Land Rover Series III 109 ya marehemu baba, ya petroli, silinda nne, cc 2,286. Boneti iko wazi tangu asubuhi na injini imeshapata moto, kwa hiyo tunaenda moja kwa moja kwenye kazi.

Bidhaa ya leo ni hii geji ya vakyumu, yaani kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini. Nimeinunua shilingi 65,000. Ndani ya boksi kuna geji yenyewe, mpira wa kama mita moja, na viungo vitatu vya plastiki vya umbo la T. Nasogeza kamera muone uso wake. Namba za nje ni inchi za zebaki, kipimo cha msukumo wa hewa, kuanzia 0 mpaka 30. Hizi ndogo za upande wa pili ni za presha ya pampu ya mafuta. Na hapa, kuanzia 17 mpaka 22, wamepaka rangi ya kijani na kuandika kwamba injini ni nzima.

Hiyo rangi ya kijani ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Mwaka jana fundi mmoja alifunga geji ya aina hii kwenye gari hili hili, mshale ukasimama kwenye 15. Akatazama kijani, akatazama mshale, akaniambia ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Nilimwamini, kwa sababu namba ilikuwa pale nami naiona. Nikaanza kuulizia bei za ringi, beringi na gasketi nzima ya injini. Bado roho inaniuma nikikumbuka, maana injini ile haikuwa na shida yoyote ya ringi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Geji hii haipimi nguvu ya injini. Inapima tofauti kati ya msukumo wa hewa ya nje na wa hewa iliyo ndani ya manifoldi, lile bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa karibu inchi 30 za zebaki. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa moto, inabaki na kama inchi 10 ndani ya manifoldi. Toa 10 kwenye 30, geji inakuonyesha 20, uko katikati ya kijani. Ila sisi hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ya nje ni nyepesi, inasukuma kama inchi 25 tu. Injini ile ile, ringi zile zile, ndani bado inabaki na 10. Toa 10 kwenye 25, unapata 15. Huyo siyo mgonjwa. Ni mzima anayeishi mlimani.

Hesabu ya haraka: kila mita 300 unazopanda kutoka baharini, toa inchi 1. Kwa Arusha toa nne na nusu hivi, kwa hiyo kijani chetu ni kama 12 na nusu mpaka 17 na nusu. Mimi nimechukua kalamu ya wino mzito nikachora mstari wangu hapa juu ya kioo. Mnauona? Mwenye kuishi Dodoma atoe karibu nne, Mbeya mjini karibu sita. Dar na Tanga msitoe kitu, rangi ilipakwa kwa ajili yenu.

Sikutaka kuamini hesabu ya mdomo tu, kwa hiyo nilisafiri na geji. Desemba tunapanda nyumbani Machame kama kawaida, nikaifunga kwenye manifoldi kabla ya kutoka hapa: 15. Tukashuka Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe, mpaka Moshi mjini. Nikasimama, nikaiacha injini kwenye silensa ile ile, nikafungua boneti. Mshale uko 16 na nusu na ushee. Sijagusa skrubu hata moja! Kesho yake tumefika kwa bibi, juu kabisa kwenye migomba, mshale umerudi 14 na kitu. Bibi akaniuliza, mjukuu wangu, gari limeharibika? Nikamwambia hapana bibi, limepanda mlima.

Haya, turudi kwenye ubora wa bidhaa. Mshale wake ni sahihi kuliko nilivyotegemea kwa bei hii. Nilifunga geji hii na nyingine ya zamani ya rafiki yangu kwenye T moja, zikatofautiana nusu inchi. Nusu inchi haikunyimi usingizi. Mpira ni mgumu kidogo lakini haujapasuka. Viungo vya plastiki ndivyo vibovu: kimoja kilipata ufa siku ya pili kwa joto la manifoldi, na ufa kwenye T ni sawa na injini kuvuta hewa, utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Tupa hivyo vya plastiki, nunua T ya shaba, ni bei ndogo.

Shida ya pili ni kwamba mshale unacheza mno. Injini ya silinda nne inavuta kwa mapigo, na geji ya bei hii haina kitu cha kuutuliza mshale. Nilichofanya, nimechukua jeti kuukuu ya kabureta nikaisukuma ndani ya mpira. Tundu lake dogo linapunguza yale mapigo. Ila msifanye tundu dogo kupita kiasi, mtaua na dalili mnazozitafuta.

Na dalili zenyewe ni hizi, njooni karibu. Nilipoanza kazi kwenye gari hili mwezi uliopita, mshale ulikuwa 12, tena kila baada ya muda mfupi unadondoka inchi moja hivi na kurudi. Tap, unarudi. Tap, unarudi. Kwa mpangilio, kama mapigo ya moyo. Mshale ukidondoka kwa mpangilio namna hiyo, tazama valvu. Nikafungua kava, nikapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu: kipimo cha injini hii ni milimita 0.25, za kuingiza na za kutoa zote sawa. Ya ekzosi kwenye silinda ya tatu fila haikupita kabisa. Valvu ilikuwa haikai chini sawasawa. Nikaseti tapeti zote nane, nikawasha, ile tap ikapotea. Ningechelewa, ile valvu ingeungua.

Mshale sasa umetulia lakini bado uko chini, 13 hivi. Hapo unatafuta hewa ya wizi, inayoingia kwenye manifoldi bila kupitia kabureta. Nikachukua chupa ya kunyunyizia maji, nikanyunyiza kidogo kidogo kuzunguka gasketi za manifoldi na chini ya kabureta. Upande wa nyuma wa kitako cha kabureta, maji yalipogusa tu, silensa ikabadilika na mshale ukaruka. Gasketi ilikuwa imekauka na kukatika. Ukiwa na kabureta ya Zenith kama hii, ukishaifungua angalia pia uso wa juu kama umepinda, na ile oringi ndogo ya ndani, kwa sababu zinajulikana kwa ugonjwa huo na zinakunywesha mafuta bila sababu. Ya kwangu ilikuwa imebonyea kama uzi. Nimebadilisha.

Halafu taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Hapa nawaomba sana muwe waangalifu. Ukilegeza distribyuta na kuizungusha taratibu kuwahisha moto, mshale utapanda, na utatamani uendelee kuufuata. Usiufuate mpaka mwisho. Silensa itapendeza, lakini ukipakia mizigo na kupanda mlima injini itagonga, na kugonga huko kunavunja pistoni. Mimi naufikisha juu kabisa, kisha narudi nyuma mpaka ushuke karibu inchi moja, nakaza, halafu naenda kujaribu kwenye mlima. Mwisho ni skrubu ya mchanganyiko: zungusha polepole mpaka mshale uwe juu na utulie. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa pwani inakuja na petroli nyingi, plagi zinakuwa nyeusi kama mkaa. Za kwangu sasa ni kahawia, hizi hapa.

Na zile ringi zilizohukumiwa kifo? Tazameni. Nakanyaga moto ghafla na kuachia. Mshale unashuka karibu na 0... unaona, unaruka mpaka 19 na ushee, kisha unarudi kukaa 15. Kwa ringi zilizokwisha usingeruka hivyo, ungepanda kidogo na kuchoka. Pwani mruko huo ungefika 24 au 25, huku hauwezi, hewa yenyewe yote ni 25.

Kwa hiyo ninunue nisinunue? Kama una gari la kabureta, Peugeot 504, Datsun, Land Cruiser ya zamani, nunua, hata kabla ya taa ya taimingi. Kama huna T ya shaba, nunua siku hiyo hiyo. Gari lako likiwa na bustaa ya breki inayovuta kutoka kwenye manifoldi, ziba mpira wake wakati wa kupima, kwa sababu bustaa inayovuja itakupotosha, na usiendeshe kabla hujaurudisha.

Kitu kimoja bado sina. Gari hili sijalifikisha baharini na geji. Mwenye Series III ya petroli huko Tanga au Dar, iliyosetiwa vizuri, naomba uiwashe ipate moto, upime, uniandikie hapo chini mshale umekaa wapi.