O.R. Tambo kwa abiria wa Lubumbashi: treni, teksi na TVA yako

Kwa sisi tunaotoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda kununua bidhaa Johannesburg, uwanja wa ndege wa huko, O.R. Tambo, naupenda kwa mambo mawili: treni inayopakia watu ndani ya uwanja wenyewe, na utaratibu wa kurudishiwa TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (wao huiita VAT). Hilo la pili wafanyabiashara wetu wengi wanaliacha, na pesa yao inabaki Afrika Kusini.

Karte ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti, si ndani ya valizi, kwa sababu wanaotoka Congo wanaulizwa. Chanjo ya mara ya kwanza huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo sindano ya jana haikusaidii. Anayeendelea na ndege ya ndani, tuseme Durban au Cape Town, anachukua mizigo yake Johannesburg, anapita forodha, kisha anaikabidhi upya. Saa moja katikati haitoshi. Mimi nashauri tatu.

Treni ni Gautrain. Ukitoka kwenye ukumbi wa wanaofika, fuata vibao hadi kituoni, ghorofa ya juu. Sandton ni kama dakika 15. Wa Pretoria hubadilisha treni Marlboro, wa Rosebank na Park hubadilisha Sandton. Kila abiria awe na kadi yake: unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha tena ukitoka. Kadi ya benki ya kugusisha inakubalika pia, ila uliyoingilia ndiyo hiyohiyo ya kutokea. Ndani hakuna kula, kunywa wala kutafuna chingamu. Nauli ya kituo cha uwanja iko juu kuliko ya vituo vingine, basi mkiwa watatu au wanne wenye mizigo, pigeni hesabu ya teksi kwanza. Tena treni haitembei usiku kucha, kwa hiyo wa ndege za usiku apange gari mapema.

Kuhusu teksi: anayekushika mkono ukumbini na kukwambia programu ya simu ya kuitia teksi leo haifanyi kazi, mpite. Gari uliloliita lina sehemu yake ya kupakia. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Na dola zako usizihesabu mbele za watu. Majambazi wanaofuata magari kutoka uwanjani wapo, na wanaanza kwa kuangalia nani amebadilisha pesa.

Prizi zao zina matundu matatu manene ya mviringo, chaja ya kwetu mara nyingi haiingii. Nunua adapta mjini.

Sasa TVA. Ya kwao ni asilimia 15, na tayari imo ndani ya bei ya dukani: kitu cha randi 2,300 kina randi 300 za kodi. Mgeni anayetoa bidhaa nchini ndani ya siku 90 anaweza kuidai, mradi ununuzi uzidi randi 250. Dukani omba karatasi yenye maneno "Tax Invoice" na namba ya kodi ya muuzaji. Kipande cha kadi ya benki peke yake hakitoshi. Jumla ya karatasi hiyo ikizidi randi 5,000, jina lako na anwani yako viandikwe juu yake. Hoteli, chakula ulichokula na huduma nyingine hazimo.

Watu wanakwama kwenye mpangilio. Wanafika uwanjani, wanafungisha valizi kwa plastiki, wanaikabidhi, halafu ndipo wanatafuta forodha. Imekwisha, kwa maana afisa anataka kuona bidhaa kwa macho na kuilinganisha na karatasi. Anza forodha, kwenye ukumbi wa kuondoka wa kimataifa, valizi ikiwa haijafungwa na bidhaa zikiwa juu ya nguo. Karatasi zikipigwa muhuri, ndipo plastiki, ndipo kukabidhi mzigo. Ukishapita uhamiaji, unapeleka karatasi hizo halisi, si fotokopi, kwenye ofisi ya marejesho. Fika masaa manne kabla ya ndege, maana foleni hizi mbili haziendi haraka.

Wakala anayeshughulikia marejesho anakata ada yake, na usitegemee kuondoka na randi mkononi. Andika namba ya kadi au ya akaunti polepole, tarakimu kwa tarakimu, na piga picha karatasi zote kabla hujaziachilia, kwa sababu ukiwa Lubumbashi madai yote utayafuatilia kwa picha hizo.