Mita ndogo za umeme kila chumba: nimezitumia mwaka mzima

Nyumba yangu ya Kinyerezi ina vyumba sita, na miaka yote ilikuwa na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Koridoni palikuwa na daftari limening'inizwa kwa kamba: nani katoa elfu tatu, nani anadaiwa. Mwenye friji na mwenye taa moja walichanga sawa. Mpangaji niliyempenda kuliko wote, dada mmoja fundi cherehani, alihama kwa sababu ya daftari lile, na mpaka leo linaniuma.

Mwaka jana nikafunga mita ndogo, zile za tokeni, shilingi 85,000 kila moja, ufundi mbali. Mpangaji analipa kwa simu, anapata tarakimu 20, anaziingiza mwenyewe chumbani kwake. Magomvi yameisha kabisa. Kwa hilo peke yake ningezinunua tena.

Ila muuzaji hakuniambia jambo kubwa: LUKU kuu ya TANESCO bado ni jukumu lako mwenye nyumba. Nikiwa msibani Morogoro, saa tatu usiku mama wa chumba cha nne akanipigia: "Shikamoo mama. Uniti ninazo, nimenunua jana, lakini nyumba nzima giza." LUKU kuu ilikuwa imekata. Tokeni nilinunua palepale nikamtumia, lakini boksi la mita lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Wakalala gizani, na mmoja ana mtoto mchanga. Sasa ufunguo mmoja anao yeye, na hela ya umeme ya wapangaji inakaa kwenye laini ya simu niliyoitenga kwa hiyo tu, siigusi kwa lolote. LUKU kuu ikibakiza uniti 30 nanunua.

Piga hesabu ya bei kabla hujaanza. Mimi shilingi 1,000 inanipa uniti 2.8, yaani kama 357 kwa uniti. Wenye mfumo wa tokeni za mita ndogo wanakata asilimia 5 ya kila manunuzi, kwa hiyo nimeweka 380 na nikawaeleza wapangaji kwa nini. Taa za nje na koridoni nalipa mimi. Kodi ya jengo pia, ile 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU. Zamani walikuwa wananilipia wao, na haikuwa haki.

Halafu waya. Nyumba za zamani, soketi za vyumba viwili huchangia laini moja. Fundi akimaliza, mwambie azime mita moja, kisha pita chumba kwa chumba na chaja ya simu, jaribu kila soketi: zilizozimika ziwe za chumba cha mita hiyo tu. Mimi sikufanya hivyo. Miezi miwili kijana wa chumba cha tatu alikuwa analipia friji ya jirani bila kujua. Nilimrudishia elfu kumi na mbili, na fundi nikamwita upya kuvuta laini nyingine.