Gari la kununua kabla mazombi hawajafika Kigoma: angalia pampu kwanza

Kila anayeniomba ushauri wa gari la siku ya mazombi anauliza yaleyale: bampa la chuma, vioo vya giza, mwendo. Juzi kijana mmoja wa Mwanga kanionyesha picha ya Prado anayotaka kuichukua kwa mkopo, na sifa zote alizotaja ni za rimu na viti. Nikamuuliza, sheli zikifungwa hilo litakunywa nini? Hakuwa na jibu, na wengi hawana.

Mafuta yetu yanapanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa mafuta, ikitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi tunalipa zaidi kuliko wa Dar. Siku malori yakikoma kuja na umeme ukikatika, pampu za sheli zitasimama, na petroli uliyoficha kwenye madumu itaharibika ndani ya miezi michache: sehemu yake nyepesi hupeperuka, ikabaki gundi ya kuziba kabureta na nozeli. Dizeli safi isiyoingia maji inaweza kukaribia mwaka. Baada ya hapo ni nini kitakachokutoa mjini?

Kigoma tuna mawese. Na wala si ndoto: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeivumbua, alilisimulia jambo hilo mwaka 1912. Tatizo ni kwamba si kila injini ya dizeli ya leo inakubali, na hapo ndipo watu wanapotupa pesa zao.

1. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ. Kwangu halina mpinzani. Pampu yake ya mafuta haina kompyuta. Ikishawaka, umeme inaotegemea ni wa waya mmoja unaofungulia mafuta. Nozeli hupiga mafuta kwenye chumba kidogo kabla ya silinda, kwa hiyo inavumilia mafuta mazito. Hardtop ya HZJ78 huja na matangi mawili ya lita 90: moja weka dizeli, la pili mawese. Hilo la mawese fundi akupitishie ndani yake bomba la maji ya moto ya rejeta, maana mawese huganda, na baridi ya asubuhi ya Kalinzi unaijua. Mawese yaache yatulie siku kadhaa machicha yashuke, chuja kwa kitambaa cha pamba, halafu kwa filta. Washa kwa dizeli, injini ikishika moto geuza koki. Dakika chache kabla ya kuzima, rudi kwenye dizeli ili mabomba yasafishike. Ukisahau hatua hii ya mwisho, kesho yake mazombi watakukuta unafungua mabomba.

Chukua gia ya mkono. Betri ikichoka, kwa joto letu mtalisukuma mteremko wa Lumumba kuelekea stesheni na litawaka.

2. Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L. Mfumo ni uleule wa chumba kidogo, ila nguvu ni pungufu na tangi ni dogo.

3. Land Rover 300Tdi. Pampu yake ni ya kimakanika, na barabara mbovu inaziweza. Lakini hupiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa mawese mabichi ringi hujaa masizi mapema. Inafaa kwa mwenye akiba kubwa ya dizeli.

Pikipiki ya Boxer inataka petroli. Baiskeli haina kelele wala haitaki mafuta, ila mama mzee na watoto utawaweka wapi? Kiberenge cha reli kingekufikisha Tabora, lakini mazombi wakisimama mbele huna pa kukatia kona. Anayewaza kukimbilia Gombe akumbuke hakuna barabara ya kufika huko, na boti nyingi zinatumia petroli.

Sasa madalali. Magari ya mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani kwetu yakiuzwa mnadani, sisi raia tunasikia yakiwa tayari mikononi mwao, bei imeshapaa kwa sababu tu ya tundu la antena kwenye boneti: "Hii imetoka shirika." Dalali mmoja wa mjini hapa alinifungulia mkonga uliong'olewa injini yake, ukawekwa ya pampu ya umeme. Akaniambia, "Hiyo ndiyo ya kisasa, dada," na akaongeza pesa juu! Ametoa kitu cha maana pekee kilichokuwemo, kisha anataka nimlipe kwa kukitoa.

Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa gari likiwa limeshawashwa. Fika injini ikiwa ya baridi, tafuta maandishi ya 1HZ kwenye bloku, kisha tazama juu ya nozeli zote sita. Ukiona bomba la chuma tupu, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiona kila nozeli imechomekewa waya, mwachie gari lake.