Upasuaji wa kuzalisha mbwa mkubwa hapa Arusha: nani anawapokea watoto?

Ukiuliza kliniki za mifugo hapa Arusha kama zinafanya upasuaji wa kuzalisha mbwa, nyingi zitakujibu ndiyo, na si uongo. Kumpasua jike na kumshona ni kazi ambayo daktari wa mifugo aliyesoma vizuri anaiweza. Tofauti inaonekana kwa watoto: nani anawapokea wakitoka, wanawekwa kwenye joto gani, na mama yao amelazwa kwa dawa ipi. Jike wangu Tausi, mbwa wa aina ya Boerboel wa kilo hamsini na kitu, alipasuliwa Julai iliyopita katika kliniki moja ya mjini. Walitoka watoto tisa. Mmoja alikuwa ameshafia tumboni, wanane wapo hadi leo. Naandika mazuri na mapungufu niliyoyaona kwa sababu wenye Boerboel, Rottweiler na German Shepherd huku kwetu ni wengi, na wengi wao hawaulizi chochote mpaka usiku wenyewe ufike.

Watu hudhani mbwa mkubwa huzaa kirahisi. Nyonga yake ni pana, hilo kweli, lakini hubeba watoto wengi, na mji wa mimba ukitanuka kupita kiasi misuli yake hushindwa kusukuma. Anaweza kuchoka katikati ya kazi au asianze kabisa. Tausi hakuanza kabisa. Nilikuwa nampima joto asubuhi na jioni kuanzia wiki ya mwisho. Kawaida joto la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, na saa 12 hadi 24 kabla ya kuzaa hushuka kwa nyuzi moja hivi, mara nyingi chini ya 37.2. La kwake lilishuka, likapanda tena, siku nzima ikapita bila uchungu. Jioni nikaona ute wa kijani cheusi unamtoka. Mtoto wa kwanza akishazaliwa, rangi hiyo ni ya kawaida. Ikitangulia kabla mtoto yeyote hajatoka, maana yake kondo la nyuma limeanza kubanduka na kuna mtoto anakosa hewa.

Kipimajoto kile cha shilingi chache ndicho kilichomsaidia daktari kuamua. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi tangu yai kupevuka, ila ukihesabu tangu siku ya kupandishwa inaweza kuwa chochote kati ya 58 na 68. Daktari anayepanga upasuaji kwa kalenda peke yake anaweza kuwatoa watoto mapafu hayajakomaa. Joto likishashuka namna ile, watoto wako tayari.

Jirani yangu, mzee mwenye nia njema, alishauri tukamtafutie sindano ya uchungu kwenye duka la dawa za mifugo. Nilipompigia daktari simu, hilo ndilo alilolikataza kwanza: "Usimchome kitu, mama. Mtoto akiwa amekwama, sindano hiyo inaweza kupasua kizazi. Mfunike, mlete." Akaniuliza joto lilishuka lini, ute una rangi gani, amekula saa ngapi. Naihesabu simu hiyo kuwa sehemu ya huduma. Alipokea usiku, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayepanga kazi kabla mgonjwa hajafika. Tulitoka Ngaramtoni na Noah ya kukodi, tukateremka kupitia Sakina, na tulipofika taa za chumba cha upasuaji zilikuwa zimewashwa na wasaidizi wawili wameshavaa.

Walianza na ultrasaundi, kumsikiliza kila mtoto aliyeweza kuonekana. Moyo wa mtoto wa mbwa aliye salama tumboni hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Ukikaa chini ya 180, mtoto anateseka, na ukishuka hadi 150 hivi hakuna cha kusubiri. Tausi alikuwa na mmoja wa 160 na mmoja ambaye hatukuona moyo wake kabisa. Daktari alinigeuzia kioo nikaona mwenyewe, akasema wanaingia sasa hivi. Hapohapo akaniuliza, kabla ya kisu na si katikati ya kazi, kama nataka kizazi kitolewe moja kwa moja. Nilikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba maziwa hayategemei kizazi. Na kweli maziwa yalikuja.

Sasa niseme kuhusu dawa za usingizi, kwa sababu hapa ndipo kliniki zinapoachana. Madaktari wengi wa mifugo huku hutumia zailazini na ketamini kwa kila upasuaji. Ni dawa za bei nafuu, zimezoeleka, na kwa kazi nyingine zinafaa. Lakini karibu kila dawa inayomlaza mama hupita kwenye kondo na kuwafikia watoto. Zailazini hupunguza kasi ya moyo na pumzi, na mtoto anayehitaji kuvuta pumzi yake ya kwanza hana akiba ya kupunguziwa. Ketamini nayo huwatoa wakiwa wamelegea. Kliniki hii ilimlaza Tausi kwa propofoli ya kwenye mshipa, ambayo huisha haraka mwilini, ikamwongezea ganzi ya lidokeini mgongoni ili propofoli itumike kidogo. Mashine ya gesi ya usingizi hawana, na daktari alinieleza hivyo bila kuficha. Oksijeni walikuwa nayo, na alivuta kabla hajalala na muda wote wa kazi. Tumbo walilinyoa na kulisafisha akiwa macho bado, mimi nimemshika kichwa, ili dakika za kulala chali zipungue. Mbwa mkubwa mwenye mimba akilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Walimlaza ameinama kidogo ubavuni kwa sababu hiyohiyo.

Kama una swali moja tu la kuuliza kliniki kabla ya kumpeleka mbwa wako, uliza: watoto watapokelewa na watu wangapi? Upasuaji wa jike mkubwa huwatoa watoto wengi kwa dakika chache, na daktari mikono yake imo tumboni. Hapa walikuwepo wasaidizi wawili na kijana wa mafunzo aliyetoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na kazi waliigawana vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Mmoja alipokea, akapasua utando na kunyonya ute wa mdomoni na puani kwa mpira mdogo wa kunyonyea. Wa pili alisugua kwa taulo kavu mgongoni na kifuani, kwa nguvu, mpaka mtoto alie. Kijana alifunga vitovu kwa uzi, akapaka ayodini, akapima uzito na kuangalia ndani ya kila kinywa kama kaakaa limefunga. Hakuna aliyemrusha mtoto hewani kichwa chini ili maji yatoke. Tabia hiyo bado ipo, na ubongo wa mtoto unaweza kuvuja damu kwa kutikiswa hivyo.

Yule wa moyo 160 alitoka mlegevu, rangi ya ufizi imepauka. Walimsugua, wakamwekea oksijeni kwa kinyago kidogo, bado kimya. Kisha msaidizi akachukua sindano nyembamba kabisa, akaidunga kwenye mfereji ulio kati ya pua na mdomo wa juu, akaizungusha. Mtoto akatweta. Baada ya muda akatweta tena, kisha akaanza kupumua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nililia. Huyo ndiye mkubwa kuliko wote sasa.

Kasoro ya kwanza ilionekana muda mfupi baadaye. Umeme ulikatika. Taa ya upasuaji ilikuwa na betri yake na mashine ya oksijeni ikahamishiwa kwenye jenereta, hivyo Tausi hakuathirika, lakini balbu ya joto ya watoto ilizimika na hakuna aliyekuwa ameandaa mbadala. Walianza kuchemsha maji wakati huo, wakayajaza kwenye chupa za plastiki na kuzizungushia taulo. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Joto lake ni la pale alipowekwa, na Julai yetu ya Arusha haina huruma usiku. Maji ya moto yangepaswa kuwa kwenye chupa ya chai tangu tunaingia. Nimewaambia hivyo uso kwa uso.

Hawakuturuhusu kuondoka mpaka Tausi ainue kichwa mwenyewe na watoto wote wanyonye. Hapo nawasifu tena. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndiyo inayobeba kinga, na utumbo wa mtoto huipitisha kinga hiyo kwa saa 24 za kwanza tu, tena huanza kufunga mapema ndani ya saa hizo. Mama aliyepasuliwa hana habari kwamba amezaa. Tausi aliamka akawatazama kama wageni. Msaidizi aliwapaka watoto maji ya uzazi yaliyohifadhiwa kwenye bakuli, akawasogeza kwenye chuchu mmojammoja huku mimi nimemshika mama shingo, na baada ya muda akaanza kuwalamba.

Nyumbani fundi alikuwa ameshatengeneza boksi la mbao lenye reli pembeni kuzunguka kuta zote, sentimita kumi hivi kutoka sakafuni. Bila reli, mbwa wa kilo hamsini akijilaza ukutani humbana mtoto bila kusikia, hasa akiwa bado na usingizi wa dawa. Joto nililipata kwa balbu ya vifaranga iliyoning'inizwa upande mmoja wa boksi, ili anayesikia moto ajisogeze. Wiki ya kwanza panatakiwa nyuzi 29 hadi 32 pale wanapolala. Watoto wenyewe watakueleza: wakirundikana na kulia wana baridi, wakitawanyika na kuhema wamezidiwa na joto. Nilionywa na daktari nisiingize jiko la mkaa chumbani, na ninamshukuru, kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wa milimani wangefanya. Moshi wake usioonekana huua watoto na mama yao usiku mmoja.

Kila mtoto alivalishwa uzi wa sufu wa rangi yake, akapimwa kwa mzani wa jikoni asubuhi na jioni. Mtoto mwenye afya huongezeka kila siku, na uzito wa kuzaliwa huwa maradufu kati ya siku ya 8 na ya 10. Mwenye uzi mwekundu alishuka uzito. Daktari akasema kwa simu: mpashe joto kwanza, ndipo umlishe, kwa kuwa utumbo wa mtoto aliyepoa hausagi kitu na maziwa huozea humo. Akasema pia nisimpe ya ng'ombe. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta takriban mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari yake ni kidogo kuliko ya ng'ombe. Kopo la maziwa ya unga ya watoto wa mbwa nililinunua kwao, ghali kweli, lakini kwa mtoto mmoja lilitosha. Nilimlisha kila baada ya saa mbili, amelala kifudifudi kama anavyonyonya, kisha nikampangusa chini kwa pamba ya uvuguvugu ili akojoe. Mama yake naye akaanza kumfanyia hivyo baadaye.

Dawa ya minyoo walianza wakiwa na wiki mbili, chanjo ya kwanza wiki ya sita, na ya kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu. Yote nilifanyia palepale.

Bili ilikuwa laki nne na nusu pamoja na dawa za maumivu za Tausi. Kwa kazi ile sioni kuwa ni nyingi, ila mchanganuo niliupata baada ya kulipa, na mtu aliyekuja na pesa za kuungaunga usiku anastahili kuuona kabla. Maelekezo ya nyumbani yalikuwa ya mdomo, saa nane za usiku, kwa mtu ambaye hajalala. Niliwaomba waandike. Niliporudi kumtoa Tausi nyuzi, karatasi ilikuwepo kaunta, ukurasa mmoja wa Kiswahili kizuri, una habari za joto, uzito na kunyonya. Jiko la mkaa hawajalitaja. Nimewaomba waliongeze, na msaidizi ameandika kwa kalamu kwenye nakala zilizobaki.